Kupandisha Rio Grande hadi Alamosa

Mto Rio Grande ukifika El Paso, Texas, umeshamaliza kazi yake. Mashamba ya New Mexico yameuchota, na kwa miezi mingi ya mwaka kinachobaki kati ya kingo za saruji ni mchanga na kijito chembamba. Ng'ambo ni Mexico. Juu ya kingo hizo, kwenye vilima vya mawe makavu, kimekaa Chuo Kikuu cha Texas tawi la El Paso, UTEP. Watanzania waliofuatilia riadha miaka ya themanini wanalijua jina hilo vizuri. Hapo alisoma na kukimbia Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980. Hapo alipita Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982. Alipita pia Zakaria Barie, aliyeingia wa pili nyuma ya Shahanga katika hizo mita 10,000 za Brisbane.

Mwaka 1981 kikosi cha UTEP, kilichojengwa na vijana wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani kwa alama 17. Hesabu ya mbio hizo ni rahisi. Kila chuo hupeleka wakimbiaji saba, watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Jumla ndogo kuliko zote, basi, ni 15: chuo kimoja kishike nafasi ya kwanza hadi ya tano na wengine wote wale vumbi. Alama 17 za El Paso ni rekodi ya daraja la juu la vyuo.

Lakini hizo 15 nazo zimewahi kupatikana. Zilipatikana mwaka 1992, katika daraja la pili, na chuo kidogo kilichoko kwenye mto huohuo, zaidi ya kilomita 700 juu yake: Adams State, mjini Alamosa, Colorado. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Ndipo ikaja hamu ya kuupandisha mto, kutoka mahali ambapo ndugu zetu walihitajika sana hadi mahali ambapo, mwaka huo angalau, hawakuhitajika.

Barabara ya kaskazini inapanda bila kujitangaza. Ni msimu wa pilipili. Kuanzia Hatch hadi Española wachuuzi wanachoma pilipili za kijani ndani ya mapipa ya wavu wa chuma yanayozungushwa juu ya moto wa gesi. Maganda yanababuka na kupasuka, na moshi wake unakufuata ndani ya gari hata baada ya kufunga vioo. Mnunuzi anaondoka na gunia zima, akamenye na kugandisha za kumtosha mwaka mzima. Mgahawani utaulizwa swali moja kabla hujakaa vizuri, nyekundu au kijani, na bunge la New Mexico limelipitisha rasmi kuwa swali la jimbo. Wabunge wetu wana mambo mengi ya kujadili, lakini hilo bado.

Magharibi ya Albuquerque, mbali kidogo na mto, kuna Acoma, kijiji cha Wahindi Wekundu kilichojengwa juu ya jabali lenye kuta wima, ambako watu wamekaa mfululizo kwa karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Kwa watu wa vijiji vya aina hii, vinavyoitwa Pueblo, mbio hazikuja na shule. Mwaka 1680, walipopanga kuwafukuza Wahispania, waliwatuma wakimbiaji kijiji kwa kijiji na kamba zenye mafundo. Kila siku fundo moja lilifunguliwa, na lilipokwisha la mwisho vita vilianza. Philip Castillo, aliyefika wa kwanza katika mbio zile za alama 15, anatoka Acoma. Nyuma yake waliingia wanne wenye fulana kama yake. Mmoja wao alikuwa Peter De La Cerda, ambaye miaka minane baadaye alishika nafasi ya pili katika mchujo wa marathoni wa Marekani kwa ajili ya Olimpiki ya Sydney.

Mpaka wa Colorado unavukwa karibu na Antonito, mji wa nyumba chache, kanisa, na kituo cha treni ya moshi inayopandisha watalii milimani. Joe Vigil, kocha wa wale vijana wa alama 15, alizaliwa hapa mwaka 1929. Baada ya hapo ardhi inatandazika. Bonde la San Luis ni tambarare kubwa iliyozungushiwa milima: San Juan upande wa machweo, Sangre de Cristo upande wa mawio, na kilele cha Blanca, chenye mita 4,374, kikitokeza pembeni ya safu yake. Ukiwa chini kabisa ya bonde uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mimi ni mtu wa Karatu, nilidhani miinuko tunajuana. Ngazi za nyumba ya wageni zilinisahihisha usiku wa kwanza.

Bonde hili ni kame kuliko linavyoonekana. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 180 hivi. Dodoma, tunayoiita kame, inapata karibu mara tatu yake. Kila kitu cha kijani kimenyweshwa: viazi na shayiri, vinavyolimwa katika miduara mikubwa inayozungukwa na bomba refu lenye magurudumu. Wakati wa mavuno malori yanapita usiku na mchana, na kwenye kila kona kali kuna viazi vilivyodondoka ambavyo hakuna anayejishughulisha kuviokota. Hilo lilinikaa kooni zaidi ya vumbi. Januari, usiku wa kawaida unashuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Wenyeji wanalitaja jambo hilo kwa fahari.

Alamosa wenyewe ni mji wa reli, una watu karibu 10,000, na barabara kuu unayoweza kuimaliza kwa miguu wakati chai yako inapoa. Chuo kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyopiganiwa na mwanasiasa wa hapa, Billy Adams, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Colorado. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1925, na shabaha ilikuwa kuandaa walimu wa shule za vijijini. Kilipata hadhi ya chuo kikuu katika jina lake mwaka 2012 tu. Kina wanafunzi elfu tatu hivi, wengi wao Walatino wa bondeni humu na wa New Mexico, na wengi ndio wa kwanza katika familia zao kuvuka sekondari.

Ajabu ya mji huu ni kwamba ukikaa mahali popote na kusema neno "mbio", mtu wa meza ya pili atageuka.

Aliyegeuka siku hiyo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka ya sabini na kitu, mwenye kofia ya majani. Alitaka kujua mgeni anatoka wapi. Aliposikia Tanzania, hakuuliza habari za Serengeti. Aliuliza habari za mtu aliyefungwa bendeji mguuni.

Alikuwa na sababu. Olimpiki ya 1968 ilipangwa kufanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari, na Wamarekani walitafuta mji wenye hewa nyepesi kama hiyo wa kuwachujia wakimbiaji wao wa marathoni. Kabla ya hapo walikuwa wakichagua timu kwa kutazama matokeo ya mbio mbalimbali. Mchujo wa siku moja haukuwahi kufanyika. Vigil, aliyekuwa kocha wa Adams State, na Buddy Edelen, mkimbiaji aliyewahi kushika muda bora wa marathoni duniani na aliyekuwa akifanya kazi chuoni hapo, waliuleta Alamosa. Tarehe 18 Agosti 1968 wanaume zaidi ya 100 waliondoka katika mitaa hii, wakazunguka njia ileile mara tano kati ya nyumba na mashamba. Mshindi alikuwa George Young, akifuatwa na Kenny Moore na Ron Daws.

Mama huyu alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka kusimama na jirani zake kwenye uzio na kuwaona wanaume wale wakipita mara ya kwanza wakizungumza, mara ya pili wakinyamaza, na mara ya tatu wengine hawakupita tena.

Miezi miwili baadaye Young alikuwa Mexico City. Katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji alipata shaba, mbele yake Wakenya wawili, Amos Biwott na Benjamin Kogo. Siku chache baadaye akakimbia pia marathoni, akawa wa 16. Moore alikuwa wa 14 na Daws wa 22. Ni marathoni ileile ambamo John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka, akaumia goti, na akaingia uwanjani jioni akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, jukwaa likiwa karibu tupu. Kwetu kisa hicho ni cha Mbulu. Hapa ni sehemu ya historia ya mtaa, kwa kuwa watu watatu waliomtangulia Akhwari siku ile walikuwa wamenywa maji ya mabomba ya Alamosa.

Chakula kilifika katikati ya mazungumzo. Mahindi yake yanaitwa chicos. Wakulima wa upande wa San Luis wanaoka mahindi mabichi na maganda yake usiku kucha ndani ya tanuri ya udongo, kisha wanayaanika mpaka yakauke kabisa. Ukija kuyapika na maharage kwa saa kadhaa, yanafumuka na kurudisha ule utamu, pamoja na harufu ya moshi. Nikamwambia mama kwamba kwetu haya ni makande, na kwa jirani zetu Wakenya ni githeri, ila moshi hatutii. Akasema basi hatujui kupika. Hapo kati alinikatia kipande cha mkate bapa, na sikuwa na la kujibu.

Vigil alikulia Alamosa, akaenda jeshi la majini, akarudi na kucheza futiboli ya Kimarekani hapa chuoni, kisha akafundisha sekondari ya mji. Mwaka 1965 alichukua timu ya mbio ya chuo, na hakuiachia mpaka 1993. Katika miaka hiyo Adams State ilitwaa mataji ya taifa 19. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya fiziolojia ya mazoezi, na wanafunzi wake walijua kwamba kocha wa asubuhi anaweza kuwa mwalimu wa darasani mchana. Pat Porter, aliyefika kwake akiwa kijana asiye na sifa kubwa, alishinda ubingwa wa nyika wa Marekani nzima mara nane mfululizo, kutoka 1982 hadi 1989.

Maelezo ya kwanza utakayopewa ni hewa. Mtu akiishi mahali penye oksijeni haba mwili huongeza chembe nyekundu za damu, na akishuka chini anakuta amebeba akiba. Ni kweli, na vitabu vinasema hivyo. Lakini maelezo hayo yana tatizo: hewa hii iko kila mahali milimani humu, mji wa Leadville uko juu zaidi, kuna vyuo vingine vya milimani, na vyote havikupata mataji 19. Tena hewa nyepesi ina gharama yake. Mkimbiaji hawezi kufanya mazoezi ya kasi kama anavyoweza kule chini, anachelewa kupumzika, na akilazimishwa anavunjika. Kazi ilikuwa kujua nani apewe kiasi gani, lini, na nani aambiwe akalale. Kazi hiyo inataka mtu anayewafahamu vijana kwa miaka minne minne na asiyetazama saa yake akifikiria ajira ya chuo kikubwa. Mrithi wake, Damon Martin, alikuwa mkimbiaji wake mwenyewe.

Vigil alipostaafu hakutulia. Mwaka 1996 msichana wa California aliyemaliza chuo Arkansas, Deena Drossin, alihamia Alamosa ili afundishwe naye, akakimbia majira ya baridi ya huku pamoja na wanaume. Kwa jina la ndoa la Kastor alipata shaba ya marathoni Athens mwaka 2004, nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani na Catherine Ndereba wa Kenya, na mwaka 2006 akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kushuka chini ya saa 2 na dakika 20, kwa muda wa 2:19:36 London. Vigil alifariki Julai 2025, akiwa na miaka 95. Mgahawani wanamtaja bila kusema "marehemu".

Hapa lazima kumtaja mamba. Kaskazini ya mji, karibu na kijiji cha Mosca, familia moja ilianza mwaka 1977 kufuga perege katika maji ya moto yanayotoka ardhini. Samaki wetu wa Afrika, kwenye bonde lenye barafu! Mabaki ya samaki yakawa mengi, na mwaka 1987 wakaleta mamba wadogo mia moja wa Marekani wayale. Mamba wakakua, watu wakaja kuwatazama, na leo mamba ndio biashara. Mbele kidogo kuna vilima vya mchanga virefu kuliko vyote Amerika Kaskazini, zaidi ya mita 200 kutoka chini hadi kileleni, vikiwa vimeegemea mguu wa mlima. Familia zinateleza na vibao, watoto wanapiga kelele, na mkimbiaji mmoja mmoja anapanda kwa hatua fupi akirudi nyuma nusu ya kila hatua. Nilijaribu. Tuendelee.

Kilichonivutia zaidi ni mfereji. San Luis, mji mkongwe kuliko yote Colorado, ulianzishwa mwaka 1851, na mwaka uliofuata wakulima walichimba mfereji wa pamoja ambao bado unapitisha maji hadi leo na una haki ya maji ya zamani kuliko zote jimboni. Mchaga akiuona hahitaji mkalimani: ni mfongo. Wakulima wanamchagua mtu wa kugawa zamu, na kila masika wenye mashamba wanatoka na makoleo kuzibua matope. Anayekwepa anajulikana. Mzee aliyekuwa akisafisha lango la mbao alilalamika kwamba vijana wanakwenda Denver na kuwalipa vibarua wachimbe kwa niaba yao, kwa hiyo wanakuja kudai maji ya mahali wasipopajua tena. Nimesikia malalamiko hayo Machame, karibu neno kwa neno.

Jumamosi asubuhi nyasi za kando ya mto zilikuwa na sakitu. Vyuo kadhaa vya Colorado na majimbo ya jirani vilileta timu kwa mbio za nyika, na kila timu ilisimika hema lake la rangi ya chuo. Chini ya hema: mikeka ya mpira, ndizi, siagi ya karanga, na mtu mmoja aliyekabidhiwa kopo la pini za kubania namba. Bastola ilipolia, wageni kutoka nyanda za chini walitoka kasi, wakaongoza. Wenyeji walikaa nyuma katika kundi la kijani na nyeupe, wametulia, nyuso hazina haraka. Kufika kilomita ya tatu hesabu ilianza kugeuka. Hawakuongeza mwendo, wale wa mbele ndio waliokuwa wakipungua, mmoja baada ya mwingine, midomo wazi.

Kijana mrefu mwenye fulana ya chuo kimoja cha Kansas alikuwa ameinama baada ya mstari wa mwisho, mikono magotini. Aliposikia Kiswahili aliinuka upesi.

"Mzee, wewe ni wa Tanzania? Basi pole na hongera kwa pamoja."

"Pole ya nini?"

"Ya baridi. Hongera ni ya Simbu. Yule Mjerumani alikuwa ameshashinda!"

Alphonce Simbu alikuwa ameipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia mwezi Septemba, marathoni ya Tokyo, akimpita Amanal Petros hatua ya mwisho kabisa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tukaurudia mwisho ule kwa mikono, yeye akiwa Simbu, mimi Petros.

Kijana anatoka karibu na Kapsabet, mahali penye mita kama 2,000. Nikamwuliza kwa nini hewa ya hapa imemshika koo wakati ndiyo ya kwao. "Nimekaa Kansas miaka miwili," akasema. "Nimekuwa mtu wa Mombasa sasa." Ufadhili wake unalipa sehemu tu ya ada, kinachobaki anakipata kwa kuosha vyombo kantini ya chuo na kwa fedha za mjomba wake. Ndivyo daraja la pili linavyoendeshwa. Timu nzima ya wanaume ya nyika na riadha inaruhusiwa kugawa ufadhili kamili usiozidi 12.6, desimali na yote, kwa vijana ishirini, thelathini au zaidi. Futiboli yao inaruhusiwa 36. Kocha anakatakata: huyu vitabu, huyu nusu ya chakula, huyu ada ya muhula mmoja. Akina dada wana fungu lao la 12.6, na lisingekuwapo bila sheria ya mwaka 1972 iliyokataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua kwa jinsia.

Vyuo vingi vya daraja hili sasa vina Wakenya, na Adams State nayo imewahi kuwa na wakimbiaji kutoka nje. Wapo Wamarekani wanaonung'unika kwamba watoto wao wanakosa nafasi. Kijana wa Kapsabet hakuona la kuomba radhi. Alisema yeye anasomea uhasibu, kukimbia ndiko nauli.

Kwetu nauli hiyo ilikuwa ya upande mmoja kwa muda mrefu. Ukanda wa Mbulu, Karatu na Hanang ulimtoa Akhwari, ukamtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza kutoka mwanzo hadi mwisho, na Shahanga pia ni wa huko. Ardhi haijashuka tangu wakati huo. Lakini Nyambui, pamoja na kuutumikia uongozi wa riadha nyumbani, alikuja kufundisha mbio Brunei. Bayi amejenga shule, na ni nzuri, ila ziko upande wa Dar es Salaam na Kibaha, kwenye joto. Simbu ni askari, analelewa na jeshi. Ukimwuliza mtoto wa Karatu mwenye miguu mepesi ni nani atakayemfundisha kuanzia miaka kumi na minne hadi ishirini na mbili, mtu mmoja, mahali pamoja, ataanza kutazama pembeni. Walimu wa michezo tunao, na baadhi wana moyo wa chuma. Wanahamishwa. Nilimwona mmoja nilipokuwa darasa la sita: alitutafutia saa ya kupimia muda kwa fedha zake, akapangiwa wilaya nyingine kabla ya mashindano ya UMITASHUMTA, na saa akaondoka nayo, ilikuwa yake.

Baada ya vyuo, zamu ya mwisho ilikuwa ya watoto wa shule za bonde. Walikuwa wamevaa fulana zilizowazidi, wengine suruali za kawaida, na walisimama kwenye mstari uleule wa chokaa. Mwalimu wao, mwanamume mfupi mwenye filimbi, alikuwa na kofia ya zamani ya timu ya Adams State iliyopauka mpaka herufi hazisomeki vizuri. Mzazi mmoja aliniambia kwamba mwalimu huyo alisoma hapa, akapangiwa shule ya kilomita ishirini kutoka mjini, akabaki.

Bastola haikutumika kwa watoto, mwalimu alipiga filimbi. Walitimka wote kama wanavyotimka watoto popote, mbio za mita mia kwenye safari ya kilomita na zaidi. Mwalimu akakatisha uwanja kwa miguu kuwawahi upande wa pili, akiwaita kila mmoja kwa jina, na kwa kila jina akiongeza neno: huyu ashushe mabega, huyu aache kutazama nyuma, huyu hapohapo, vizuri, usiongeze. Binti mmoja mwenye nywele ndefu alisimama kabisa kufunga kamba ya kiatu, akafunga fundo mara mbili bila papara, akaondoka tena na kuwapita saba. Kocha mmoja wa chuo aliyekuwa akikunja hema aliacha kukunja, akachukua kalamu.

Walipomaliza mwalimu aliwapanga, akawahesabu, akawagawia maji, na kabla hawajapanda basi la njano akawakumbusha: Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya lango la shule, na atakayesahau glavu atakimbia mikono mfukoni. Mvulana aliyeshinda alisema Jumatatu wanavuna viazi kwao. Mwalimu akamwambia basi amwambie baba yake kwamba mwalimu atapita shambani jioni, amwekee njia kando ya mfereji.